Kifurushi cha Lango la Nyuma

Lori la soda lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma, na aliyekuwa akipiga bodi makofi na kuita njoo, njoo, njoo, alikuwa Chiriku mwenyewe, mtu anayefukuzwa. Dereva hakuwa na utingo; aliyekuwa naye alimkimbia wiki ileile. Basi Chiriku akaliongoza lori likatoka uani bila kukwaruza nguzo, kisha akadandia nyuma, akakaa juu ya kreti za chupa tupu, begi kati ya miguu, viatu vyeupe vya jukwaani amevifunga kamba na kuvitundika shingoni kama mtu anayejiandaa kuvuka mto.

Kaka yake alisimama kwenye mlango wa ukumbi, mikono mfukoni. Mji mzima ulimwita Solo kwa sababu ya gitaa lake, na bendi ilikuwa yake. Hakumpungia. Mapafu, mpiga saksafoni, alijitia kufuta ala yake ambayo ilikuwa inang'aa tangu juzi. Radi, mpiga ngoma, alikuwa anaitazama bahari kama aliyeletewa leo. Hakuna aliyetaka kuonekana anamsikitikia anayeondoka, maana siku zile kumsikitikia mtu ilikuwa sawa na kukiri kwamba mlikula pamoja.

"Kaka," Chiriku akasema kutoka juu, sauti ya kawaida tu, "suti yako ya Jumamosi usiitafute. Italetwa."

Solo aliyapokea maneno hayo kama kejeli, akayaweka moyoni pamoja na mengine. Lori likakata kona kwenye duka la miwani ya jua, chupa zikagongana, na mlio ule ukabaki masikioni mwake hata baada ya lori lenyewe kupotea.

Walikuwa wamebaki wawili tangu utotoni. Solo ndiye aliyembeba Chiriku mgongoni, akamfundisha kufunga vifungo vya shati, akamfundisha kuimba kwa kumpigia kijiko kwenye sufuria. Kumtoa kwenye bendi, alikokuwa mwimbaji, ilikuwa kujikata mkono. Lakini alishajiaminisha kwamba mkono huo ndio uliokuwa unamwibia, na kilichoibwa ni nyimbo.

Mtu asiyeujua mji ule atacheka. Wimbo unaibwaje? Mchana ulikuwa mji wa taulo tu. Wageni wa likizo walijianika mchangani wakigeuzana kama mikate, wauza kofia wakipita katikati yao kwa uvumilivu. Jua likishazama, mji ulivua taulo. Barabara ya ufukweni iliwasha taa za kila rangi, mabaunsa wakavaa mashati meusi, mafuta ya kukaangia viazi yakaanza kuchemka, na kila mlango ukatoa muziki wake, ukigombana na wa jirani. Wageni walitembea katikati ya makelele hayo wakisikiliza, kama mtu anayefunua sufuria moja baada ya nyingine. Palipo na wimbo mpya ndipo walipoingia. Wimbo ukishazoeleka, hata uwe mtamu vipi, ulikuwa wa kupitia tu na kutikisa kichwa.

Bendi ya Solo ilipiga kwenye ukumbi uliokuwa zamani karakana ya maboti, kuta za mbao, paa la bati, sakafu bado ina madoa ya rangi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na hoteli kubwa yenye ngazi za marumaru, na huko ilipiga bendi nyingine, watu waliovaa makoti ya bluu, mbele yao mzee mmoja mwembamba anaitwa Kinanda, kwa kazi yake. Bendi hizi mbili zilisalimiana kwa kichwa tu.

Wimbo wa kwanza ulipotea mwanzoni mwa msimu. Bendi ya Solo iliufanyia mazoezi wiki nzima, ikapanga kuuzindua Jumamosi. Ijumaa jioni, Solo akipanga nyaya jukwaani, upepo ukamletea sauti kutoka hotelini. Ulikuwa wimbo wake, umevalishwa koti la bluu. Alisimama na waya mkononi mpaka ukaisha. Wenzake wakamwambia nyimbo hufanana. Akakubali, kwa shingo upande.

Wimbo wa pili aliufanyia ulinzi. Aliziba madirisha ya ukumbi kwa magodoro, akawafukuza wale wapenzi wa muziki waliozoea kukaa kwenye ngazi kusikiliza mazoezi, mpaka mama wa usafi akawa anasubiri nje na ndoo yake. Ndani mlikuwa na joto la tanuri. Radi alipiga ngoma kifua wazi akilalamika kwamba kama ni jehanamu, afadhali aende kwa dhambi zake mwenyewe. Wimbo ukapigwa hotelini kabla ya wao kuupiga.

Hapo mwenye ukumbi akawaita. Walimwita Tajiri, na hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alizungumza akiitazama feni ya darini. Aliwaambia wageni wanasema bendi yake inaiga hoteli. Akaongeza, kama jambo la kupitisha muda, kwamba ameona mahali mashine ya disko, ndogo tu, haili, haivuti sigara, hainuniani na mtu. Kisha akawatakia kazi njema.

Kuanzia siku hiyo mdudu akaingia. Mapafu alikuwa na viatu vipya, amevitoa wapi? Radi alikuwa akienda kununua sigara, akikawia, na duka la sigara lilikuwa upande wa hoteli. Mtu akienda msalani, waliobaki walitega sikio wajue amegeukia wapi. Jukwaani Mapafu alipuliza huku jicho moja liko kwa Radi, na Radi akapiga huku macho yote mawili yako kwa Mapafu. Hakuna aliyeongeza hata pambo dogo la ziada, asije akaambiwa ndiyo ishara. Wageni hawakujua wanachokikosa, ila waliinuka mapema.

Radi, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, ndiye aliyelitoa neno ambalo wengine walikuwa wameliweka chini ya ulimi.

"Mkubwa," alisema siku moja wakikunja nyaya, "sisi tumekaguliwa mpaka soksi. Haya. Lakini si shemeji yetu anafanya kazi hukohuko hotelini?"

Mapafu akaacha kukunja waya wake. Ni kweli, mke wa Solo alikuwa dobi wa hoteli, chumba cha kufulia cha uani, huko kwenye mvuke na mashine zinazonguruma.

"Mke wangu hana sikio," Solo akajibu. "Siku ya harusi yetu alipiga makofi, ukumbi mzima ukapotea njia. Mtaje tena uone kama hutapiga ngoma kwa meno."

Wakacheka, maana kisa hicho kilijulikana, na walifurahi kupata la kuchekea. Na kweli, mwanamke yule hakuwa na habari na muziki. Hajawahi kukanyaga ukumbini. Nyimbo za mumewe alizijua kwa jina moja, kelele zenu. Solo hakulifikiria tena jambo hilo. Alikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye hakumtilia shaka, na hata hivyo si kwa kumwamini, bali kwa kumdharau sikio.

Kwa wimbo wa tatu akatega mtego. Alimfundisha Chiriku peke yake, chumbani kwa Chiriku, mlango umefungwa, kwa sauti ya kunong'ona. Mapafu na Radi aliwaambia wangeufuata jukwaani papo kwa papo. Alijiambia, huu ukitoka nitajua. Hakujiuliza atafanya nini akishajua.

Ukatoka. Uliteremka ngazi za marumaru jioni moja kama mgeni aliyekwishaoga.

Na kesho yake Kitasa, baunsa wa ukumbi, mtu mkubwa mwenye sauti ya kitoto, akamvuta Solo pembeni. Alisema hapendi kuchonganisha ndugu. Alisema hivyo mara kadhaa. Kisha akasema amemwona Chiriku adhuhuri akiingia lango la nyuma la hoteli na kifurushi kwapani, akatoka mikono mitupu, na haikuwa mara ya kwanza.

Solo alimkabili mdogo wake kwenye stoo ya vinywaji, katikati ya kreti.

"Kifurushi kilikuwa na nini?"

Chiriku akainyoosha kreti iliyokuwa tayari imekaa sawa. "Si cha wizi, kaka."

"Sikuuliza kama ni cha wizi. Nimeuliza kilikuwa na nini."

"Siwezi kusema. Nimeapishwa."

"Na nani?"

Chiriku akatazama sakafu. Solo alimjua mdogo wake tangu meno ya utoto. Alijua anavyotazama sakafu akiwa ameficha jambo. Alichokuwa hajui ni kwamba watu huficha na mengine yasiyo mabaya. Akamwambia lori la soda linakuja asubuhi.

Nyumbani alimwambia mkewe kwamba shemeji yake ameondoka, kaenda kutafuta maisha.

"Bila kuniaga?" mkewe akauliza.

"Mambo ya bendi."

Mwanamke alimtazama kitambo, mwiko mkononi, kama anayetaka kuongeza neno, kisha akairudia sufuria yake. Na Solo, aliyekuwa ameshazoea kumpima kila mtu, akajikuta anaupima mgongo wa mkewe. Kwa nini ameuliza vile? Kwa nini hakuuliza zaidi?

Sasa Solo alikuwa na tabia yake moja. Akitoka jukwaani usingizi humkimbia mpaka kuche, basi alikuwa akikaa jikoni kwake juu ya ndoo iliyofudikizwa, gitaa kavu lisilo na umeme mapajani, anatafuta wimbo polepole kwa vidole huku mkewe akichemsha chai ya kuendea kazini. Nyimbo zake zote zilizaliwa pale, kati ya mvuke wa birika na harufu ya vitunguu. Mkewe humpitia juu ya miguu, humwambia asogee, humwekea kikombe sakafuni. Hata siku moja hawakuzungumzia wimbo.

Baada ya Chiriku kuondoka, kidole kidogo cha Solo kilikatwa na waya wa gitaa. Wimbo alioanza kuutafuta siku hizo ulikuwa na mahali pamoja panapohitaji kidole hicho, na kila akifika hapo kinateleza. Anarudi nyuma kidogo, anajaribu tena. Kinateleza. Anarudi tena, ndipo anavuka. Asubuhi baada ya asubuhi, tii-ta-ta, tii-ta-ta, kisha mbele. Wimbo haukuwa na maneno. Ulikuwa wa huzuni iliyojitia furaha, na ukimuuliza unamhusu nani angekwambia haumhusu mtu. Hakumfundisha yeyote. Hakuwa tena na wa kumfundisha. Mapafu na Radi hawakujua hata kwamba upo.

Jumamosi aliikuta suti yake kwenye msumari wake nyuma ya jukwaa, nyeupe, imepigwa pasi mpaka mkunjo unakata. Hakuna aliyemwona aliyeileta. Kitasa aliapa alikuwa mlangoni muda wote, isipokuwa alipokwenda kula, na alipokwenda kunywa maji baada ya kula. Solo aliinusa suti ile. Ilinukia sabuni ya maua, harufu aliyoijua na asikumbuke ameijulia wapi. Aliivaa kama mtu anayevaa nguo ya adui.

Alikuwa bado anafunga vifungo wakati hoteli ilipoanza. Alisikia mwanzo wake akadhani ni kichwani mwake. Kisha akatoka, akavuka barabara akiwa na vifungo nusu, akasimama kwenye ukuta mfupi wa ufukweni, mahali panapoonekana baraza yote ya hoteli.

Ulikuwa wimbo wake wa jikoni. Si hivyo tu. Ulipofika pale mahali, ukarudi nyuma, ukajaribu tena, ukarudi tena, ndipo ukavuka. Bendi nzima, makoti yote ya bluu, iliteleza pamoja kwa kidole kimoja kilichokatwa. Na wageni walikuwa wameshaupatia mtindo: ukifika pale wanarudi kinyumenyume, wanarudi tena, kisha wanaruka mbele wakichekeana.

Solo aliinua mkono wake akakitazama kidole.

Alifikiri uchawi, akaona aibu kufikiri hivyo. Akafikiri mashine ya kunasia sauti, na hilo akalishikilia. Aliporudi nyumbani alipekua jikoni lote: chini ya meza, nyuma ya birika, ndani ya kopo la mchele, mpaka kwenye tundu la panya alipenyeza kijiko. Mkewe alimkuta amepiga magoti.

"Umepoteza nini?"

"Kitu," akasema.

"Kitu hicho ukikiona, kopo langu la mchele ulifunike."

Adhuhuri ya siku iliyofuata alikwenda hotelini kwa lile lango la nyuma. Nia yake ilikuwa kumshika Kinanda kwa kola ya bluu na kumuuliza uso kwa uso ni nani anayemletea nyimbo. Njiani alishamwandalia na maneno ya kumwambia. Hakuna aliyemzuia; wapishi walikuwa wakimenya viazi nje, mmoja akamwonyesha kwa kisu alipokaa mzee. Mzee huvuta sigara yake kule uani, alisema, nyuma ya chumba cha kufulia, maana mashine zinapumzishwa saa hizi na huwa kuna utulivu.

Solo akapita chini ya kamba za taulo. Kweli palikuwa kimya. Kilichosikika ni nyayo za watu wawili na mvumo wa sauti midomo imefumbwa. Akasimama.

Mlango wa chumba cha kufulia ulikuwa wazi. Ndani wanawake wawili walikuwa wakikunja shuka za vitanda vile vipana vya wageni, kila mmoja ameshika pembe mbili. Shuka ya namna hiyo huwezi kuikunja ovyo. Msipokwenda pamoja inapinda, na ikipinda inarudi kwenye pasi. Basi walikuwa wakienda kwa wimbo. Wanakaribiana, wanakutanisha pembe, wanaachana. Wakafika pale mahali. Wakavuta, tii-ta-ta. Wakavuta tena, tii-ta-ta. Shuka ikanyooka, wakasonga mbele. Mmoja wa wanawake wale, aliyekuwa akimwongoza mwenzake kwa kidevu, alikuwa mke wa Solo, mtu asiye na sikio.

Hakukosea hata mahali pamoja. Hata makosa hakuyakosea.

Kwenye ngazi ya nje Kinanda alikuwa amekaa na sigara yake, goti likimchezea kuufuata. Alimwona Solo, akamsogezea nafasi kwa adabu ya watu wa kazi moja.

"Unakuja kuwasikiliza na wewe?" akasema. "Mimi mwaka huu wote nakula kwao. Nyimbo za madobi hizi, za zamani sijui za wapi, ukiwauliza hawajui. Na huu mpya, hapo wanaporudi nyuma mara mbili. Hiyo akili ya mtu ambaye hakusoma. Msomi asingethubutu."

Hapakuwa na mwizi wa kuambiwa yale maneno aliyoyaandaa Solo. Aliingia ndani. Yule mwanamke mwingine alimwona kwanza, akaacha pembe zake, shuka ikaanguka nusu.

"Wimbo huo umeutoa wapi?" Solo akamuuliza mkewe.

"Wimbo gani?"

"Huo mnaokunjia shuka."

Mkewe ilibidi afikirie. Ilikuwa wazi kwamba hajawahi kujiuliza. "Si ule wako wa jikoni," akasema. "Ule wa wakati chai inachemka. Zako zinakunjika vizuri, zina mwendo. Kwani na za jikoni nazo ni za bendi?"

Macho ya Solo yalikuwa yamefika ukutani. Kwenye fimbo ya kutundikia nguo, baada ya makoti ya bluu, zilikuwa suti nyeupe. Ya Mapafu, yenye doa la mkono lisilotoka. Ya Radi, iliyopasuka kwapa ikashonwa. Chini yake karatasi ya kifurushi imekunjwa vizuri kwa matumizi mengine. Na chumba kizima kilinukia sabuni ya maua, ile ya kwenye mikono ya mkewe kila jioni.

Mwanamke alifuata macho yake, akaona bora aseme mwenyewe.

"Tangu msimu uliopita," akasema. "Nyumbani hatuna pasi ya mvuke, na zilikuwa zinatia aibu. Shemeji ndiye aliyekuwa akiniletea kwa lango la nyuma, msimamizi akiwa amekwenda kula. Nilimwapisha asikwambie. Ungejua zinapigwa pasi hapa ungepanda jukwaani uchi kuliko kuzivaa. Kaondoka, nikakosa wa kutuma, yako tu nikawahi kuileta mwenyewe, Kitasa akiwa ameingia kunywa maji."

"Nimemfukuza kwa ajili ya kifurushi," Solo akasema.

Mkewe aliweka shuka mezani. Aliiweka taratibu, akailainisha kwa kiganja, kama ambaye akiiacha vibaya kitu kingine kitaanguka.

"Uliniambia kaenda kutafuta maisha."

"Niliogopa utauliza."

"Ningeuliza," akasema. "Na ningekujibu."

Nje Kinanda alikuwa ameshazima sigara yake. Ameyasikia yote, na alikuwa amesimama ameshika kofia, akitafuta mtu wa kumwomba radhi na asijue ni yupi.

Siku ya lori la soda Solo alikuwa uani tangu asubuhi. Alitaka kumuuliza dereva alimshushia wapi Chiriku, aende akamtafute. Hakuwa na haja. Lori liliingia kinyumenyume, na aliyekuwa akipiga bodi na kuita njoo, njoo, njoo, alikuwa Chiriku, glavu mkononi, kofia ya kampuni ya soda kichwani. Dereva alimpa kazi siku ileile, kabla hawajafika mbali.

Walishusha kreti pamoja kwanza. Ilikuwa rahisi zaidi kuanza hivyo. Kisha Solo akamwambia yote, jikoni, shuka, suti, bila kujipunguzia. Akamwambia kipaza sauti chake kipo, hakijaguswa. Akamwomba arudi.

Chiriku alisikiliza akifuta jasho kwa mgongo wa glavu.

"Mimi sikukasirikia kufukuzwa, kaka," akasema. "Siku ile stoo uliniuliza kama polisi. Ungeniuliza kama kaka, ningekudanganya vizuri, tungecheka, tungelala. Ulishaamua. Ulitaka nithibitishe tu."

"Ni kweli."

"Basi. Shemeji mwambie simlaumu. Mwambie kiapo chake nilikitunza." Akaangalia juu kwenye kreti zilizobaki. "Shika upande huo, hii ina chupa iliyopasuka."

Solo akashika. Walipomaliza Chiriku alipanda nyuma, akapiga bodi mara moja, lori likaondoka. Safari hii Solo alipunga mkono, na mdogo wake akampungia.

Kila lori lilipokuja, Solo alimwomba tena, na jibu likawa lilelile, kwa adabu, mpaka akaacha. Tajiri alinunua mashine yake ya disko kabla msimu haujaisha, na bendi ikavunjika bila ugomvi. Mapafu alichukuliwa na hoteli. Koti la bluu linambana mabegani. Viatu vyake vipya ilijulikana baadaye kwamba alivirithi kwa mjomba wake. Radi anaziba pancha karibu na kituo cha mabasi na bado anaongea. Duka la sigara alikokuwa akikawia, aliyekuwa akiuza humo amekuwa mkewe. Kitasa yuko mlangoni palepale. Kinanda aliacha kuupiga wimbo ule kwa heshima, lakini wageni wakauulizia, hoteli ikamwamuru aurudishe. Wanaucheza mpaka leo, wakirudi nyuma mara mbili, na wanauita wa madobi. Mke wa Solo bado ni dobi. Hakunji tena kwa wimbo, anahesabu kwa mdomo, na mwenzake analalamika kwamba shuka zinatoka zimepinda. Solo hupiga gitaa kwenye harusi akiitwa. Kidole kilipona. Jikoni hakai tena na gitaa. Hukaa juu ya ndoo ileile, hunywa chai, hakuna anayemwambia asogee. Chiriku ni utingo wa lori la soda. Hushusha kreti, husalimiana na kaka yake, huuliza hali ya shemeji. Haimbi.